Kaye ya depo: jinsi nilivyofika kwenye kazi ya meneja wa bidhaa hapa Lubumbashi

Mwezi uliopita kijana mmoja anayemaliza masomo ya informatiki katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliniuliza ni cheti gani alipie kwenye intaneti ili awe meneja wa bidhaa. Tulikuwa tumesimama kando ya barabara tukisubiri teksi, kwa hiyo nilimjibu kwa maneno machache, lakini swali lake nilirudi nalo nyumbani, kwa sababu nami niliwahi kuliuliza na sikupata mtu wa kunijibu. Nimeona afadhali niandike jibu kamili, nikieleza nilivyoifikia kazi hii katika mji ambao wengi wanaujua kwa shaba yake, na ambao tangazo la ajira lenye jina la kazi hiyo huweza kupita mwaka mzima bila kuonekana.

Nianze na kazi yenyewe, kwa kuwa hata ndani ya kampuni za programu haieleweki vizuri. Wanaprogramu huandika programu, mbunifu huchora kurasa zake, wauzaji huenda kwa wateja. Meneja wa bidhaa hafanyi hata moja kati ya hizo, wala wanaozifanya hawako chini ya amri yake. Yeye huwajibika kwa swali la kama kitu kinachojengwa kina mtu anayekihitaji, na kama mtu huyo atakitumia tena wiki ijayo bila kubembelezwa. Hapa kwetu huchanganywa na shefu wa proje. Shefu wa proje hupokea kazi iliyokwisha kuamuliwa, akapimwa kwa tarehe na kwa bajeti: je, ilimalizika siku iliyoahidiwa, na fedha zilitosha? Meneja wa bidhaa huanza kupimwa baada ya siku hiyo, wakati sherehe ya uzinduzi imekwisha na imebaki kuonekana ni nani anayeifungua programu asubuhi anapoanza kazi yake. Nimeona miradi iliyomalizika kwa wakati, kwa bajeti kamili, na ambayo hakuna aliyeitumia. Jambo hilo huniuma, kwa maana katika nchi yetu fedha za kujenga kitu mara ya pili hazipatikani kwa urahisi.

Nilijifunza tofauti hiyo katika depo ya vinywaji, kwenye komini, yaani sehemu ya mji, iitwayo Kenya, ile ya hapa Lubumbashi.

Wakati huo nilikuwa mwanaprogramu katika kampuni ndogo, tukiwa watu wanane katika vyumba viwili. Tulikuwa tumetengeneza programu ya simu ya kuandikia madeni. Wazo lilikuwa la mkuu wetu, nasi sote tuliliona zuri: kila depo ina kaye, yaani daftari, ya madeni, kaye hulowa mvua, hupotea, huchanika, na mwenye depo hutumia Jumapili nzima kujumlisha. Tuliijenga kwa miezi minne. Tulifungulia akaunti depo kumi na mbili, tukawafundisha wenyewe mmoja mmoja, na kila mmoja alitushukuru. Wiki tano baadaye depo mbili tu ndizo zilizokuwa zikiandika kitu chochote. Katika mkutano wetu ilipendekezwa kwamba tuongeze rangi, tuongeze picha za chupa, na tuwatumie watu ujumbe wa kuwakumbusha waifungue programu. Sikuwa na hoja ya kupinga, ila niliona kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa depo kwa siku nzima. Niliomba siku tatu, nikapewa.

Mama mwenye depo alinipa kiti cha plastiki nyuma ya meza yake. Kaye yake ilikuwa ya kurasa mia moja, za miraba, imefungwa kwa ukanda uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, na kalamu ilining'inia kwa uzi. Saa mbili asubuhi alifika mwenye baa ya jirani pamoja na kijana mwenye mkokoteni, akachukua kasiye nne, yaani kreti nne, za bia. Mama aliandika jina lake, akaandika 4, akapiga mstari, kisha akaandika "vid. 3". Nilimuuliza kwa nini hakuandika bei.

"Mwanangu," alisema, "bei ni ya siku atakayolipa. Huyu amechukua kasiye nne, ameniletea vidanje tatu. Kasiye moja ya chupa tupu bado iko kwake. Ile isiporudi, nikienda kuchukua mzigo watanilipisha chupa, na faida yangu yote imekwenda."

Kwa msomaji asiyeijua biashara hii, vidanje ni chupa tupu pamoja na kasiye yake. Muuzaji wa jumla hukupa zilizojaa ukimrudishia tupu. Ukikosa tupu, unalipia dhamana. Kwa hiyo mteja wa depo anaweza kuwa amelipa fedha zote na bado akawa na deni, na deni hilo la chupa ndilo Mama alilolihofia zaidi. Programu yetu ilikuwa na kisanduku kimoja tu, cha kiasi, kwa faranga. Mahali pa vidanje hapakuwapo. Miezi minne ya kazi, watu wanane, na hakuna aliyelijua neno hilo kama neno la hesabu, ingawa sote tulikuwa tumekulia katika mitaa yenye depo.

Kabla ya saa sita alikuja mteja mwingine kupunguza deni lake kwa noti ya dola 20. Mama aliinua noti hiyo kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba ukingoni, akairudisha kwa sababu ilikuwa na mchaniko mdogo usiozidi urefu wa ukucha. Kwetu noti ya dola iliyochanika huzunguka mji mzima bila mpokeaji. Mteja alitoa nyingine. Mama alimwita mbadilishaji fedha aliyekaa pembeni ya barabara, akamuuliza bei ya dola saa ile, wala si ya asubuhi, akaandika 20 na kuizungushia duara. Duara, alinieleza, maana yake fedha ziliingia kwa dola na zimewekwa mahali pengine. Kulikuwa pia na nukta. Nukta moja kando ya jina ilikuwa ya anayelipa mwisho wa mwezi anapopokea mshahara wa mgodini. Nukta mbili zilikuwa za mtu ambaye lazima atumiwe mtoto kwenda kumkumbusha. Ukurasa ambao mimi niliuona kama fujo ulikuwa na mpangilio wake kamili, na mpangilio huo ulikuwa umejengwa kwa miaka mingi na mtu anayezijua hatari za biashara yake kuliko sisi.

Siku ya tatu umeme ulikatika tangu alfajiri. Simu ya Mama ilikuwa imezimwa ili kulinda chaji mpaka jioni, na kaye iliendelea na kazi kama kawaida.

Niliporudi ofisini sikuleta hoja, nilileta picha za kurasa nane za kaye ile, alizoniruhusu nizipige baada ya kufunika majina kwa karatasi. Tulizibandika ukutani. Tulibadili programu kwa wiki tatu: kwenye ukurasa wa kwanza unaandika kasiye zilizotoka na vidanje zilizorudi; bei haiulizwi mpaka siku ya malipo; malipo huandikwa kwa dola au kwa faranga, kila moja mahali pake, pamoja na bei ya siku ambayo mwenye depo mwenyewe anaiweka. Kila kitu hubaki ndani ya simu na hutumwa mtandao unapopatikana. Miezi mitatu baadaye, depo tisa kati ya zile kumi na mbili zilikuwa zinaandika kila siku. Hiyo ndiyo kazi ya meneja wa bidhaa, nami niliifanya nikiitwa mwanaprogramu. Cheo kilinifikia baada ya miezi kumi na minne.

Nimesoma baadaye kwamba jambo hili lina ukoo mrefu. Tarehe 13 Mei 1931 Neil McElroy, kijana aliyekuwa akishughulikia matangazo ya sabuni ya Camay katika kampuni ya Procter & Gamble nchini Marekani, aliandika barua ya ndani akiomba waajiriwe watu ambao kila mmoja angebeba chapa moja tu: asome takwimu za mauzo eneo kwa eneo, na pale mauzo yalipolegea aende mwenyewe kwa wauzaji na wanunuzi kutafuta sababu. Camay ilikuwa ikifunikwa na Ivory, sabuni nyingine ya kampuni hiyohiyo, na haikuwa na mtu wa kuitetea. Wengi huitaja barua hiyo kuwa mwanzo wa kazi yetu. Ninaipenda kwa sababu hakuna kompyuta ndani yake. Aliyezoea kwenda sokoni na kuuliza anaielewa mara moja.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni M-Pesa. Majaribio yake nchini Kenya yalianza mwaka 2005, na lengo lilikuwa dogo: watu waliochukua mikopo midogo waweze kuirejesha kwa simu. Waliokuwa katika majaribio walianza kuitumia kwa mambo ambayo hayakupangwa, hasa kutumiana fedha wao kwa wao. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliosimamia kazi hiyo, wangeweza kuyaona hayo kuwa matumizi mabaya ya mfumo na kuyazuia. Badala yake huduma iliyozinduliwa na Safaricom mwezi Machi 2007 ilijengwa juu ya kutuma fedha nyumbani, na marejesho ya mikopo yakawekwa kando. Kwetu Kongo ilifika mwaka 2012, na hapa ikalazimika kubeba akaunti mbili, ya faranga na ya dola, kwa kuwa ndivyo tunavyoishi. Kila ninapoona mtu akimtumia mama yake fedha chini ya mwavuli wa wakala, nafikiri juu ya wale waliokubali kuliacha wazo lao la kwanza.

Tangu siku za depo ninalo daftari langu la maamuzi, na kama kuna kitu kimoja kilichonijengea kazi hii, ni daftari hilo. Kabla ya kujenga jambo lolote ninaandika ukurasa mmoja: tumeamua nini, tuliona nini kilichotufanya tuamue hivyo, tunatarajia kuona nini na kufikia tarehe gani, na ni dalili gani itatuonyesha kwamba tulikosea. Tarehe ikifika ninarudi kwenye ukurasa uleule na kuandika kilichotokea, kwa wino wa rangi nyingine, bila kugusa yale ya mwanzo. Ni kazi ya nusu saa. Wengi huiacha kwa kudhani watakumbuka, lakini kumbukumbu hutupendelea. Baada ya miezi mitatu kila mmoja anaamini kwamba alijua tangu mwanzo.

Ukurasa ulionisaidia kuliko yote ni wa kosa. Tuliamua kwamba programu iwatumie wadeni ujumbe wa kuwakumbusha, nami niliandika kwamba malipo yangeanza kuja mapema zaidi. Wiki mbili baadaye mwenye depo mmoja wa Katuba, komini nyingine ya hapa mjini, alitupigia simu kwa uchungu. Ujumbe ulikuwa umesomwa na mke wa mteja wake, ambaye hakujua kwamba mumewe anakopa bia. Ugomvi ukaingia nyumbani kwa watu, na mteja yule akahamia depo nyingine. Katika kaye, deni ni siri kati ya wawili. Sisi tulikuwa tumeipeleka siri hiyo kwenye simu ambayo nyumba nzima huishika. Tuliondoa ujumbe siku hiyohiyo, na mimi nilikwenda Katuba kumwomba radhi mwenye depo. Tangu hapo, kabla ya kutuma neno lolote kwa simu ya mtu, ninauliza nani mwingine atalisoma. Nchi yetu sasa ina Kanuni za Kidijitali, zilizowekwa kwa amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, na ulinzi wa taarifa za watu umo ndani yake. Kila anayeingia katika kazi hii azisome. Hata hivyo, ugomvi wa Katuba ulinifundisha mapema kuliko sheria. Nilipotafuta kazi ya pili, ukurasa huo ndio waliokaa nao muda mrefu zaidi katika mahojiano. Vyeti vyangu hawakuviuliza.

Lugha nayo ni sehemu ya kazi, na ninaitilia mkazo kwa sababu hudharauliwa. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika Katiba yetu, lakini programu nyingi tunazopokea ama ni za Kifaransa tupu ama zina Kiswahili kilichoandikwa mbali na hapa. Sisi wenyewe tuliandika "salio" kwenye kurasa zetu, neno sahihi kabisa katika kamusi, na wenye depo wakawa wanalipita bila kulibonyeza. Tulipoandika "ile inabakia" wote walielewa. Jambo hili huwa gumu zaidi katika huduma zinazopita kwenye simu ndogo za vitufe, zile za kubonyeza nyota na reli, ambako ujumbe mmoja hauwezi kuzidi herufi 182: kila neno refu linakula nafasi ya chaguo jingine, na meneja wa bidhaa hulazimika kukaa na orodha ya maneno kama fundi wa dhahabu anavyokaa na mizani.

Ugumu mkubwa wa kazi yenyewe, ukiondoa mambo ya umeme na mtandao, ni kukataa mbele ya mkubwa. Katika desturi zetu mdogo hambishii mkubwa wake hadharani, na ninaiheshimu desturi hiyo. Mwaka fulani mteja mmoja mwenye fedha nyingi alitaka tumwekee ndani ya programu ya depo mfumo wa karo za shule, na mkuu wetu alikuwa tayari kukubali. Sikusema hapana mkutanoni. Nilimwomba mkuu nafasi baadaye, tukiwa wawili, nikamwonyesha katika daftari kazi tatu ambazo zingesimama kwa miezi miwili, na majina ya depo zilizokuwa zikizisubiri. Alisoma kimya, kisha akaniambia, "Basi yaya, uende wewe ukamweleze mwenyewe." (Yaya kwetu ni neno la kumwita ndugu kwa heshima.) Nilikwenda, nikamweleza, na mteja akaondoka. Iliuma, kwa kuwa mishahara yetu ya miezi miwili ilikuwa katika mkataba ule. Bado naamini tuliamua vema, na ukurasa wake nimeuacha wazi kwa atakayetaka kunionyesha vinginevyo.

Kuhusu kuingia katika kazi hii, nimeona watu wakitokea njia nyingi: mhudumu wa simu za wateja katika kampuni ya mawasiliano, mhasibu, mjaribu programu, mwalimu. Mhudumu wa wateja anakuja na mtaji ambao wanaprogramu hatuna, kwa maana amesikia malalamiko elfu moja kwa sauti ya wenyewe. Si lazima kujua kuandika programu, lakini ni lazima ujifunze kuuliza hifadhidata, yaani mahali taarifa za programu zinapotunzwa, mwenyewe bila kumsubiri mwenzako, na inakupasa kusoma Kifaransa na Kiingereza, kwa kuwa maandishi mengi ya fani yamo humo. Kazi za mbali zipo, nasi tuna bahati ya saa: saa ya Lubumbashi ni ileile ya Johannesburg, na Nairobi imetutangulia kwa saa moja tu. Hata huko wanaouliza wanataka kujua uliamua nini na kikatokea nini.

Nilimpigia simu yule kijana jana. Jumamosi tutakwenda pamoja Katuba, kwa papa mmoja, yaani baba, anayeuza makala, ndiyo mkaa, ambaye madeni yake huyaandika ukutani kwa chaki, mifuko mizima upande mmoja na nusu mifuko upande mwingine, na hufuta kwa kitambaa chenye maji mtu akilipa. Anasema kila mvua za upepo zinapokuja, baadhi ya madeni hufutika yenyewe, na bado hataki daftari. Sijajua kwa nini. Nimemwomba kijana aje na kalamu na karatasi, aiache kompyuta nyumbani, na afike kabla ya saa moja, kwa sababu wateja wa kwanza wa makala huja mapema.